Jesse Livermore: Mvulana wa Ubao Aliyengoja Bei Itoboe Dari

Mtu nitakayemtaja leo hakuwa mshairi wala shekhe, wala hakuwa nahodha wa bahari zetu. Alikuwa Mmarekani, mlanguzi wa hisa, na amefariki zaidi ya miaka 80 iliyopita. Namtaja kwa sababu kila niketipo na vijana wa siku hizi wanaonunua na kuuza hisa nawasikia wakizungumzia mtindo mmoja, nao ni kupekua bei za hisa nyingi, kuitafuta ile iliyokaribia kutoboa dari, kisha kuinunua mara itoboapo. Kazi ya kupekua hufanywa na kompyuta kwa nukta chache tu, na vijana hao hudhani kuwa elimu hiyo imezaliwa pamoja na kompyuta. Sivyo. Jesse Livermore aliifanya kwa penseli na daftari tangu karne ya kumi na tisa, na maisha yake yote, utajiri wake na kufilisika kwake, yamefungamana na dari hiyo.

Kwanza niieleze dari yenyewe, maana bila ya kuielewa hiyo hatutamwelewa mtu. Chukua hisa ambayo bei yake hupanda mpaka shilingi 50, kisha ikarudi 44. Mwezi wa pili hupanda tena, ikifika 50 hurudi. Mara ya tatu vile vile. Si uchawi. Wako watu walionunua kwa 50 hapo mwanzo, bei ikawaangukia, wakakaa na uchungu wao wakisema moyoni kuwa siku mtaji ukirudi watauza watoke. Wako na wengine walionunua kwa bei ya chini ambao wamekwisha kuamua kuwa 50 yawatosha. Basi bei ikifika hapo wauzaji ni tele, nayo haina budi kurudi. Lakini wauzaji hao si maji ya bahari, wana mwisho wao. Siku watakapokwisha, na wanunuzi wangali wanakuja, bei hupita 51, 52, na huko juu hakuna tena mtu mwenye kidonda cha zamani anayengoja kutoka. Kila mwenye hisa ana faida, na mwenye faida hana haraka. Hapo ndipo bei hukimbia. Huko ndiko kutoboa dari.

Mfano wa karibu na kwetu ni hisa za Safaricom, zilizouzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 kila moja. Siku za kwanza bei ilipanda juu ya hapo, kisha ikashuka chini ya 5, ikakaa huko miaka kadhaa kabla ya kupanda tena. Aliyenunua siku hizo ajua mwenyewe namna alivyoitazama ile shilingi 5 kila asubuhi. Fikiria watu wengi wakiitazama bei hiyo hiyo moja kwa wakati mmoja, na utaona dari hujengwa na nini.

Sasa tumrudie mtu wetu. Jesse Lauriston Livermore alizaliwa tarehe 26 Julai 1877 katika mji mdogo wa Shrewsbury, jimbo la Massachusetts. Babake alikuwa mkulima wa ardhi yenye mawe mengi, na kama wakulima wengi wa zama hizo alimtaka mwanawe ashike jembe. Mtoto mwenyewe alikuwa na kichwa cha hesabu kisicho cha kawaida. Alipofika umri wa miaka 14 hivi babake alitaka kumtoa shule, na mamake akaona kuwa mtoto huyu akibaki shamba atapotea. Akampa dola 5, na kijana akaondoka kwenda mji wa Boston.

Huko Boston alipata kazi katika kampuni ya madalali wa hisa ya Paine Webber. Kazi yake ilikuwa kuandika bei ubaoni. Wakati huo bei zilitoka New York kwa simu ya waya iliyochapisha tarakimu juu ya utepe mwembamba wa karatasi. Mtu mmoja husimama karibu na mashine akazisoma kwa sauti, na mvulana wa ubao huzipokea na kuziandika kwa chaki, akifuta za zamani na kutia mpya mchana kutwa. Mvulana mwingine angaliona kazi hiyo kama adhabu. Livermore alianza kuona kuwa tarakimu zina mwendo. Hisa ikielekea kupanda sana, hutangulia kufanya mambo fulani, na ikielekea kuanguka hufanya mengine. Akanunua daftari akawa anaandika kwa siri: leo hisa fulani imefanya hivi, nadhani kesho itafanya hivi, kisha kesho yake hujisahihisha mwenyewe. Hakuweka hata senti moja. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo shule pekee aliyosoma mtu huyu, na aliisoma vizuri.

Alipokuwa na miaka 15 rafiki yake mmoja wa kazini alimchukua, wakati wa chakula cha mchana, kwenda katika vibanda vya kubahatisha bei vilivyojaa mijini Marekani wakati huo. Walitia fedha zao kidogo katika hisa za reli ya Burlington, na Livermore akapata faida ya dola 3 na senti 12. Hapa sina haja ya kupindapinda maneno: vibanda hivyo vilikuwa nyumba za kamari. Mteja hakununua hisa yoyote. Aliweka arubuni ya dola moja kwa kila hisa aliyoitaja, bei ikipanda analipwa na mwenye kibanda, bei ikishuka kwa dola moja tu arubuni yote imekwenda. Mwenye kibanda hali faida ila mteja ale hasara. Baadaye serikali za majimbo zilivipiga marufuku.

Ila kijana huyu hakula hasara kama walivyozoea wenye vibanda. Daftari lake lilimwambia lini aingie na lini atoke. Muda si muda alikuwa akipata kuliko mshahara wake, akaacha kazi. Kabla ya kutimiza miaka 21 aliwahi kumiliki dola 10,000, mali kubwa kwa mtoto wa mkulima. Wenye vibanda wakamfukuza mmoja baada ya mwingine. Akawa anabadili jina, akienda miji mingine, wakimtambua humtoa nje. Ndipo akaona hana pa kwenda ila kule kwenye soko lenyewe, Wall Street, mjini New York.

Na huko New York, msomaji, elimu yote ile ilimtupa mkono. Sababu yake yataka kuelezwa. Katika vibanda, bei aliyoiona kwenye utepe ndiyo bei aliyopewa papo hapo. Katika soko la kweli, agizo lake lilichukuliwa na dalali mpaka kwenye ukumbi, likatafutiwa mtu wa kuuza au kununua, na kwa wakati huo bei ilikuwa imekwisha kuhama. Tena siku za vurugu utepe ulichelewa, ukamwonyesha bei za zamani kama kwamba ni za sasa. Tarehe 9 Mei 1901, siku ya Alhamisi, makundi mawili ya matajiri yaligombania reli ya Northern Pacific mpaka hisa moja ikafika dola 1,000, huku hisa nyingine zote zikiporomoka. Livermore alikuwa amekisia kuwa zitaporomoka kisha zitainuka, na alikisia sawasawa. Lakini maagizo yake ya kuuza yalitimizwa chini kabisa, na ya kununua yakatimizwa juu. Alikuwa na dola 50,000 hivi. Zote zilikwenda siku hiyo moja, na kukisia kwake kulikuwa sahihi.

Nimelikawilia jambo hili kwa sababu wengi wa wanaopekua bei leo hujikwaa papo hapo. Kuijua hisa itakayotoboa dari ni jambo moja, na kuipata kwa bei ile uliyoiona ni jambo jingine.

Alirudi vibandani kuchuma mtaji mwingine, akarejea New York, na safari hii akabadili mtindo. Akaacha kuvizia senti za saa moja, akaanza kuutazama mwendo mkubwa wa wiki na miezi. Mwezi Aprili 1906 aliuza hisa za reli ya Union Pacific akitarajia zishuke, na siku chache baadaye, tarehe 18, likatokea tetemeko la ardhi lililouangamiza mji wa San Francisco. Alipata kama dola robo milioni. Yeye mwenyewe hakuweza kueleza kwa nini aliuza, nami sitamwelezea.

Mwaka uliofuata ndio uliomtangaza. Mwaka 1907 fedha zilikuwa zimeadimika Marekani, mabenki yalikuwa yakitikisika, na Livermore aliona kuwa kampuni zinauza hisa kwa watu wasio na fedha za kuzinunua. Akauza kwa wingi. Tarehe 24 Oktoba 1907, Alhamisi tena, madalali walikosa fedha za kukopa kwa riba yoyote ile, na mkuu wa soko akakimbilia kwa tajiri J. P. Morgan kuomba auokoe ukumbi usifungwe. Inasemekana Livermore alipata faida ya dola milioni moja siku hiyo. Yasimuliwa pia kwamba Morgan alimpelekea mtu amsihi asiuze zaidi, naye akakubali, akageuka kuwa mnunuzi. Jumla ya faida yake mwaka huo yatajwa kuwa dola milioni 3. Alikuwa na miaka 30.

Najua mmoja wa wasomaji wangu amekwisha kuuliza: aliuzaje hisa asizokuwa nazo? Aliziazima kwa dalali, akaziuza kwa bei ya juu, zikishuka akazinunua na kuzirudisha, tofauti ikawa yake. Wengi wa wanavyuoni wetu hukataza mtu kuuza asichokimiliki, na mwenye kuyasoma maisha haya hapana budi alijue hilo. Upande mwingine wa elimu yake, ule wa kununua hisa halisi ya kampuni halisi ikitoboa dari, hauna kasoro hiyo, ijapokuwa mtaji wa kukopa kwa riba alioutumia una kasoro yake nyingine. Mimi si mufti. Mwenye shaka na awaulize wajuao.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Baada ya ushindi wa 1907 Livermore alinunua jahazi la anasa na gari la moshi la peke yake, akajiona hashindiki. Mwaka 1908 aliingia katika biashara ya pamba, na huko akakutana na mfanyabiashara mmoja mwenye ulimi mtamu na takwimu nyingi. Livermore aliyezoea kusikiliza bei tu, akaanza kumsikiliza mtu. Bei ikashuka, yule bwana akamweleza kwa nini itapanda, Livermore akanunua zaidi. Akauza ngano iliyokuwa ikimpa faida ili apate fedha za kuilisha pamba iliyokuwa ikimla. Karibu mali yote ikateketea. Miaka iliyofuata soko lilikuwa maji mafu, halipandi wala halishuki, na kila alipojaribu alizama zaidi. Akafilisika akiwa na deni la zaidi ya dola milioni moja.

Hapa ndipo palipo na kisa nikipendacho kuliko vyote vya maisha yake. Mwaka 1915 vita vikuu vilikuwa vimewaka Ulaya, na kampuni ya chuma ya Bethlehem Steel ilikuwa ikipata maagizo makubwa ya silaha kutoka Uingereza na washirika wake. Livermore hakuwa na mtaji. Dalali mmoja alikubali kumkopesha hisa 500, mara moja tu. Akikosea amekwisha. Mtu mwingine angalikimbilia kununua siku ile ile, kwani Bethlehem ilikuwa ikipanda mbele ya macho yake. Livermore alingoja. Kwa muda wa miaka mingi alikuwa ameona kuwa hisa ikivuka dola 100 kwa mara ya kwanza haisimami hapo, huendelea kwa kasi. Na kadhalika ikivuka 200 na 300. Basi kwa muda wa wiki sita hivi hakununua kitu. Alikuwa akikaa mbali na ofisi ya dalali ili asitamanishwe. Bei ilipofika 98 ndipo alipotoa agizo la hisa zake zote 500. Siku hiyo hiyo dari ya 100 ilitoboka, na ilipofungwa bei ilikuwa imepita 110. Faida ikampa nguvu ya kununua 500 nyingine. Kesho yake bei ilifika 145. Mtu aliyekuwa muflisi akawa na mtaji tena.

Nahodha aliyezoea kungoja kusi ageuke atamwelewa mtu huyu upesi kuliko mwanafunzi wa uchumi. Upepo uliangaliwa na wote, ila jahazi la kusafiria lilikuwa moja, na likivunjika hapana la pili.

Mwaka 1917 aliwalipa wadai wake wote. Sheria ya kufilisika ilikuwa imekwisha kumwondolea madeni hayo, mahakama isingemdai hata senti. Alilipa. Mabaya ya mtu huyu ni mengi na nitayafikia, lakini hili liandikwe upande wake.

Isidhaniwe kuwa kila dari ilimtobokea. Miaka ya nyuma alikuwa amenunua maelfu ya hisa za kampuni ya shaba ya Anaconda zilipokuwa zikikaribia 300, akitarajia kwamba zikivuka hapo zitafika 310 bila kupumzika. Zikavuka, zikafika 302 na kidogo, zikaanza kulegea. Hakungoja zianguke ndipo asadiki. Kule kulegea kwenyewe kulimtosha. Bei iliyotoboa dari kweli haikai mlangoni ikichungulia ndani. Akauza zote. Nadhani kisa hiki cha Anaconda chafundisha zaidi kuliko cha Bethlehem, lakini watu hupenda kusimulia cha Bethlehem.

Katika kitabu chake, How to Trade in Stocks, kilichotoka Machi 1940, alieleza namna alivyoweka hesabu zake, nami nitaieleza kwa ufupi kwa ajili ya mwenye hamu. Ukurasa aliugawa safu sita: mbili za mwendo mkubwa wa kupanda na wa kushuka, na nne za mapumziko ya katikati. Bei ikiwa katika mwendo wa kupanda aliiandika kwa wino mweusi, ikiwa katika mwendo wa kushuka kwa wino mwekundu, na ikiwa katika mapumziko kwa penseli. Kwa hisa iliyozidi dola 30 hakujali mabadiliko yaliyokuwa chini ya dola 6 hivi. Hayo kwake yalikuwa makelele. Bei ikirudi nyuma kwa dola 6, alihamia safu nyingine na kuipigia mstari bei ya mwisho ya juu. Mstari huo ndio dari. Kutoka hapo kazi yake ilikuwa kungoja tu bei irudi karibu na mstari. Ikiuvuka kwa dola 3, alihesabu kuwa mwendo wa kupanda umeanza upya. Ikiukaribia ikashindwa, kisha ikashuka kwa dola 3, alihesabu kuwa mwendo umekwisha.

Tena hakuridhika na hisa moja. Alichukua mbili za biashara moja, mathalan U.S. Steel na Bethlehem Steel, akajumlisha bei zake, na kwa jumla hiyo alitaka dola 12 badala ya 6. Maana yake ni kuwa ikiwa chuma kweli kimepata soko, haiwezekani kampuni moja itoboe dari na jirani yake ibaki imelala. Na hakupekua mamia ya hisa. Alizichagua zile kubwa zinazoongoza katika biashara chache, akaziacha nyingine zote. Akinunua, alinunua kwa mafungu, fungu la pili kwa bei ya juu kuliko la kwanza, kwa kuwa bei ya juu ni ushahidi kuwa hakukosea. Hasara ikifika sehemu ya kumi ya mtaji aliotia, hutoka bila majadiliano. Na kila biashara kubwa ikifungwa kwa faida, ashauri mtu atoe nusu ya faida aiweke kando kama fedha taslimu, asiirudishe sokoni.

Shauri hilo la mwisho ndilo aliloshindwa kulifuata yeye mwenyewe.

Baada ya vita alikuwa mmoja wa watu mashuhuri wa New York. Mwaka 1923 mwandishi Edwin Lefèvre alitoa kitabu kilichosimulia maisha yake kwa jina la kubuni, Reminiscences of a Stock Operator, na mpaka leo wafanyabiashara wa hisa hukisoma. Livermore alifungua ofisi katika jumba la Heckscher, barabara ya Fifth Avenue, yenye ubao mrefu ukutani na wavulana wa kuandika bei kwa chaki. Hawakuruhusiwa kuzungumza wakati soko liko wazi. Sijui kama aliwahi kumtazama mmoja wao akajiona mwenyewe, ningalipenda kujua.

Mwaka 1929 watu wengi Marekani walikuwa wakinunua hisa kwa fedha za mkopo. Livermore aliona kuwa hisa zilizokuwa zikiongoza haziwezi tena kutoboa dari zake. Zilifika, zikarudi, zikafika, zikarudi. Alijaribu kuuza kidogo akapata hasara, akajaribu tena akapata hasara, na kila mara alitoka. Mwishowe soko likageuka. Alhamisi ya tarehe 24 Oktoba na Jumanne ya tarehe 29 watu wengi walipoteza walichonacho. Yeye, kama inavyotajwa mara nyingi, alitoka na dola milioni 100. Yasimuliwa kuwa alipofika nyumbani mkewe alikuwa amekwisha kuhamisha vyombo akidhani wamefilisika kama wengine. Magazeti yalimlaumu kuwa ndiye aliyeliangusha soko, akaandikiwa barua za vitisho, akaweka walinzi. Kwa haki, hakuna mtu mmoja awezaye kuliangusha soko la ukubwa ule.

Miaka minne na kidogo baadaye, Machi 1934, alitangazwa muflisi kwa mara nyingine, akidaiwa zaidi ya dola milioni 2. Zimekwenda wapi? Soko lenyewe lilizila nyingi, kwani kutoka mwisho wa 1929 mpaka Julai 1932 bei ziliendelea kuanguka kwa kuinuka na kulala, na kila kuinuka kulionekana kama kutoboa dari kumbe sivyo. Nyingine zilikwenda kwa majumba, majahazi na talaka. Alioa mara tatu. Mkewe wa pili, Dorothy, mama wa wanawe wawili, waliachana 1932. Mwaka 1935 mama huyo, katika ugomvi, alimpiga risasi mwanawe mkubwa. Mtoto aliponea chupuchupu. Mambo kama haya hayaandikwi katika safu sita.

Mwaka huo huo wa 1934 serikali ya Marekani ilipitisha sheria mpya ya masoko ya hisa na kuweka tume ya kuyasimamia. Mbinu nyingi za walanguzi wa zamani, hasa ile ya kundi la matajiri kupandisha bei kwa kuuziana wenyewe kwa wenyewe ili watu wadhani dari imetoboka, zikawa haramu kisheria. Livermore mwenyewe aliwahi kuajiriwa kuongoza makundi ya namna hiyo. Jambo hili husahauliwa na wanaomsifu. Mtu aliyejua kuisoma dari ya kweli alijua pia kuwachorea wengine ya uongo.

Kile kitabu cha Machi 1940 alikiandika kwa kuhimizwa na mwanawe mkubwa, na hakikuuzwa sana. Watu walikuwa wamechoshwa na habari za hisa, na Ulaya ilikuwa vitani tena. Kwa miaka mingi Livermore alikuwa amesumbuliwa na ugonjwa wa huzuni, ule usioponywa kwa fedha wala kwa kufilisika. Alhamisi ya tarehe 28 Novemba 1940 aliingia katika hoteli ya Sherry-Netherland, katika barabara ile ile ilipokuwa ofisi yake, akaketi katika chumba cha kuwekea makoti, akajiua kwa bastola. Alikuwa na miaka 63. Katika daftari lake la mfukoni alikuwa amemwandikia mkewe wa tatu, Harriet, kurasa kadhaa za kumwaga huzuni yake na kujihesabu kuwa ameshindwa.